Ulaya haikuamka asubuhi moja: Zama za Kati ziliisha lini hasa?

Kuna msemo umeingia midomoni mwetu na hautoki. Mume akimkataza mkewe kufanya biashara, anaambiwa ana fikra za zama za kati. Mwalimu akimchapa mtoto kupita kiasi, zama za kati. Ushuru wa ajabu ukianzishwa sokoni, hayo nayo ni ya zama za kati. Na kijiweni, ubishi wa kwa nini Ulaya imetutangulia ukianza, hakosi mmoja wa kusema: "Hao nao walilala gizani miaka elfu, kisha wakaamka." Wenzake wanatikisa vichwa, kahawa inamiminwa tena, mjadala umefungwa.

Ukiuliza waliamka lini ndipo mambo yanapoharibika. Mmoja atasema 1453, Waturuki walipoiteka Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo. Wa pili atasema 1492, Columbus alipovuka Atlantiki. Wa tatu, hasa akiwa Mlutheri, atakuapia ni 1517, Martin Luther alipotoa hoja zake dhidi ya Kanisa. Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani anabaki ameduwaa, kwa kuwa tarehe zote tatu ziko vitabuni na kila moja ina mtu wake na kisa chake. Mimi nadhani kosa liko kwenye swali. Mtu huamka mara moja, akajinyoosha, akapiga mswaki. Yaliyotokea Ulaya hayakwenda hivyo hata kidogo.

Majina waliyopewa na watu wengine

Tuanze na maneno yenyewe. Zama za Kati ni jina la kipindi cha historia ya Ulaya cha takriban mwaka 500 hadi 1500. Mwanzo wake mara nyingi huwekwa 476, alipoondolewa madarakani kijana Romulus Augustulus, kaisari wa mwisho wa Roma ya magharibi. Hakuna aliyeishi katika kipindi hicho akajua kwamba yuko katikati ya kitu chochote. Mkulima wa mwaka 1100 alijiona anaishi siku za mwisho, akingoja kiama kama wengi wetu.

Jina lilitungwa na waliokuja baadaye. Wasomi wa Italia, wakianzia na mshairi Petrarch (1304–1374) aliyeiona miaka iliyofuata Roma kuwa ya giza, walitaka kujihesabu warithi wa Warumi wa kale. Sasa ukitaka kudai kwamba wewe umefanana na babu wa babu yako, waliokaa kati yako na yeye inabidi uwashushe hadhi kidogo. Mwishoni mwa karne ya 17 mwalimu wa Kijerumani, Christoph Cellarius, aliandika vitabu vya historia akiigawa mafungu matatu: ya kale, ya kati na mpya. Shule zikafuata mgawanyo huo, na sisi tukaupokea kupitia shule hizo hizo.

"Zama za Giza" ndilo jina baya zaidi, na wanahistoria wengi wa leo wanalikwepa. Ni giza gani hilo lililoanza kujenga kanisa la Notre-Dame la Paris mwaka 1163, likaanzisha vyuo vikuu vya Bologna na Oxford, na kufikia mwishoni mwa karne ya 13 likawavisha wazee wa Italia miwani ya kusomea? Tena jina lenyewe ni la Ulaya peke yake. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa aliyoiona. Watu wa Kilwa hawakuwa na habari kwamba dunia imezimika taa.

Mwamko, au Renesansi, ni ile hamu ya kurudia elimu na sanaa za Wagiriki na Warumi iliyoanzia miji ya Italia katika karne ya 14 na kuendelea hadi ya 16. Usasa ni neno pana mno. Hapa nalitumia kwa kapu la vitu vichache: dola yenye watoza kodi na jeshi la mshahara, kazi ya ujira badala ya kazi ya kulazimishwa, kitabu cha kuchapwa, na elimu inayopima kabla ya kusadiki.

Limebaki ukabaila. Wazee wa Bukoba na Karagwe hawahitaji somo refu hapa, maana nyarubanja waliijua: mtwana analima juu ya ardhi ya mtwazi na kumlipa kwa mazao na kwa jasho. Kabaila wa Ulaya alipewa ardhi na mfalme kwa ahadi ya kumpigania vitani. Chini yake walikuwapo wakulima waliofungwa kwenye ardhi hiyo. Siku kadhaa za juma walilima shamba la bwana, hawakuhama bila ruhusa yake, na unga wao waliusaga kwenye kinu chake huku wakimwachia kibaba chake.

Mfumo huo ulivunjwa namna ambayo sisi tunavyojenga. Fikiria nyumba ya urithi. Kijana amepata vijisenti, lakini wazee hawezi kuwahamisha. Anabomoa chumba kimoja cha udongo na kukisimamisha cha tofali; mwaka wa tatu kingine; jiko linabaki la makuti miaka kumi na tano. Ukipita barabarani ukaulizwa kama nyumba ile ni ya zamani au mpya, jibu litategemea umesimama upande gani. Ulaya ilibomolewa na kujengwa hivyo, watu wakiwa ndani, kwa zaidi ya miaka mia nne.

Kibarua alipopanda bei

Chumba cha kwanza kilibomolewa na viroboto. Oktoba 1347 meli zilizotoka Bahari Nyeusi zilitia nanga Messina, kisiwani Sicily, mabaharia wake wakiwa wanakufa. Ilikuwa tauni, ugonjwa wa bakteria wanaosafiri kwa viroboto wa panya, ule ule uliowasumbua watu wa Lushoto miaka ya 1980 na 1990. Katika muda wa miaka minne hivi Ulaya ilipoteza kati ya theluthi moja na nusu ya watu wake. Vijiji vizima vilibaki na mbwa.

Weka msiba kando kwa muda, uangalie hesabu. Yeyote aliyewahi kutafuta kibarua wa palizi katika wiki ambayo kila mtu anapalilia anajua bei inavyokwenda. Ardhi ya Ulaya ilikuwa ile ile, mikono imebaki nusu. Mkulima aliyekuwa akiambiwa "ukiondoka nitakufuatilia" sasa aliweza kuondoka usiku akapokelewa na bwana wa kijiji cha tatu bila kuulizwa ametoka wapi, maana naye ngano yake ilikuwa inaozea shambani.

Wenye ardhi walikasirika. Mwaka 1351 bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba hakuna mfanyakazi atakayedai ujira uliozidi ule wa 1346, kabla ya tauni. Ukiisoma leo unaelewa haraka kwamba ujira ulikuwa umeshapanda na matajiri wanajaribu kuusukuma urudi chini. Kisha wakaongeza kosa lingine: kodi ya kichwa, iliyofika shilingi moja kwa kila mtu mzima. Ndiyo, shilingi. Na ndiyo, kodi ya kichwa. Babu zetu waliojificha porini kumkwepa mtoza kodi wakati wa Mwingereza wangeelewana na wakulima wa jimbo la Kent, Uingereza, bila mkalimani.

Juni 1381 wakulima hao waliingia London. Mmoja wa viongozi wao, padri John Ball, alikuwa akiwahubiria kwa swali moja: Adamu alipolima na Hawa aliposokota uzi, mwungwana alikuwa nani? Mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, aliwaahidi kila walichotaka, waliporudi makwao akazikana ahadi zote. Ball alinyongwa. Kwa kipimo cha siku ile waasi walishindwa kabisa. Lakini mikono haikuongezeka kwa kumnyonga padri. Katika miaka mia iliyofuata utumishi wa kulazimishwa ulinyauka Uingereza polepole, mkataba baada ya mkataba, bila siku moja ya kutangazwa kwamba umefutwa.

Hapa ndipo ile hadithi ya kijiweni inapotuangusha. Kama Ulaya "iliamka", mashariki yake ililala fofofo. Ng'ambo ya mto Elbe, kuelekea Poland na Urusi, miji ya kukimbilia ilikuwa michache na wenye ardhi wakiwa na nguvu. Walipoona nafaka inapata bei nzuri kwa wanunuzi wa magharibi, waliwakaza wakulima badala ya kuwalegezea. Sheria ya Urusi ya 1649 iliwafunga wakulima kwenye ardhi bila kikomo cha muda, na waliachiwa 1861. Yaani Isaac Newton aliishi, akaandika kanuni zake za mvutano mwaka 1687, akafa, na zaidi ya miaka mia ikapita, huku mamilioni ya Wazungu wakiwa bado mali ya mashamba ya watu.

Nani alikuwa macho?

Jaribu kuzidisha MCCXLVIII kwa XXVII kwenye karatasi, bila kuzigeuza kwanza ziwe tarakimu tunazozijua. Mfanyabiashara wa Italia wa karne ya 12 alikuwa na hizo tu, pamoja na ubao wa kuhesabia kwa vijiwe. Aliyemwokoa ni kijana wa Pisa, Leonardo, anayejulikana zaidi kwa jina la Fibonacci. Baba yake alifanya kazi kwa niaba ya wafanyabiashara wa Pisa kwenye forodha ya Bugia, pwani ya Algeria, na huko kijana akajifunza tarakimu ambazo Waarabu walizipata kutoka India. Mwaka 1202 aliandika kitabu cha kuwaeleza wenzake jambo hilo geni: alama inayosimama mahali pasipo na kitu.

Waarabu waliiita *sifr*. Waitaliano walilizungusha neno hilo midomoni mpaka likawa *zero*. Sisi tunasema sifuri, na kusema kweli matamshi yetu ndiyo yaliyobaki karibu zaidi na ya mwenyewe.

Wakubwa hawakufurahia. Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kutumia tarakimu hizo kwenye vitabu vya hesabu. Ilionekana rahisi kudanganya nazo, kwa sababu 0 ukiiwekea mkia inageuka 6 au 9. Ni hofu ile ile inayotufanya hadi leo tuandike kiasi kwa maneno kwenye hundi.

Fibonacci hakuwa peke yake. Katika mji wa Toledo, Hispania, karne ya 12, wafasiri waliketi wakigeuza vitabu vya Kiarabu kuwa Kilatini: vya Waislamu wenyewe na vya Wagiriki ambavyo Ulaya magharibi ilikuwa imevipoteza. Tiba ya Ibn Sina iliendelea kufundishwa vyuoni Ulaya hadi karne ya 17. Karatasi ilitoka Uchina ikipitia nchi za Kiislamu. Baruti nayo asili yake Uchina. Na herufi za kuchapia zinazopangwa na kupanguliwa zilitumika Uchina tangu karne ya 11 na Korea si baada ya 1377. Mtu akikwambia Ulaya iliamka, muulize ni nani aliyekuwa macho muda wote huo.

Mashine iliyotumikia pande zote mbili

Johannes Gutenberg wa mji wa Mainz, Ujerumani, hakubuni uchapaji kutoka hewani, lakini alichofanya kilitosha. Aliunganisha herufi za metali zilizosubiwa kwa kalibu, wino mzito wa mafuta, na shinikizo la skrubu kama lile la kukamulia zabibu. Kufikia 1455 alikuwa ametoa nakala zipatazo 180 za Biblia, kazi ambayo kwa mkono ingewala waandishi miaka na miaka. Mwaka 1500 ulipofika, zaidi ya miji 200 ya Ulaya ilikuwa imekwisha kupata mashine za kuchapa.

Tumezoea kusimuliwa kwamba mashine hiyo ilikuja kuliumbua Kanisa. Kumbe miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa, karibu na 1454, zilikuwa hati za rehema kwa ajili ya Kanisa lenyewe. Rehema ni msamaha wa adhabu ya muda inayobaki baada ya dhambi kusamehewa, ile ambayo Mkatoliki hufundishwa kwamba hulipwa toharani. Mafundisho yalidai toba kwanza. Wauzaji walioizunguka mitaa walifupisha somo: toa fedha, chukua hati, nafasi ya jina imeachwa wazi.

Nyuma ya hati za 1517 kulikuwa na deni, na wasimuliaji wengi hulisahau. Kijana wa ukoo wa kifalme, Albrecht, alikuwa tayari askofu mkuu wa Magdeburg akautaka na uaskofu mkuu wa Mainz. Kushika viti viwili kulihitaji kibali cha Roma, na kibali kilihitaji fedha nyingi. Alizikopa kwa akina Fugger, mabenki wa Augsburg. Papa Leo X akamruhusu auze rehema: nusu ya mapato iende kujenga kanisa la Mtakatifu Petro, nusu imlipe Fugger. Mjane wa Ujerumani aliyetoa sarafu yake kwa ajili ya roho ya marehemu mumewe alikuwa anapunguza riba ya benki bila kujua.

Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo cha Wittenberg, aliandika hoja 95 za kupinga biashara hiyo. Picha ya nyundo na misumari mlangoni mwa kanisa inabishaniwa na wanahistoria mpaka leo; lisilobishaniwa ni barua aliyomtumia Albrecht tarehe 31 Oktoba 1517 pamoja na hoja hizo. Alizitunga kwa Kilatini, kwa ajili ya mdahalo wa wasomi. Ni kama mtu aliyetuma sauti kwenye kundi la walimu wenzake, mmoja wao akaisambaza. Wachapaji wa Leipzig, Nuremberg na Basel walizipiga chapa bila kumwomba ruhusa, zikatafsiriwa kwa Kijerumani, na katika majuma machache zilikuwa masokoni.

Wengi wanaongeza hapo kwamba ndipo Mzungu alipopata uhuru wa kuabudu. Hapana. Mapatano ya Augsburg ya 1555 yalisema dini ya mtawala ndiyo dini ya nchi, na asiyeitaka afungashe mizigo. Ilibidi damu nyingi imwagike, zikiwamo zile za vita vya miaka 30 vilivyoisha 1648, kabla watawala hawajaanza kuchoka kuuana kwa ajili ya misa.

Mama yake Kepler

Hakuna hadithi inayonionyesha mchanganyiko wa enzi mbili kama ya Katharina Kepler. Alikuwa mjane wa mji mdogo wa Leonberg, kusini mwa Ujerumani, asiyejua kusoma wala kuandika, anayefahamu dawa za miti shamba, mwenye ulimi mkali. Mwaka 1615 jirani aliyegombana naye alidai kwamba kinywaji kichungu alichopewa na bibi huyo ndicho kilichomtia ugonjwa. Neno likaenda, likarudi limenenepa. Watu wakaanza kukumbuka ng'ombe waliougua na mtoto aliyeumwa mkono alipopita bibi.

Mwanawe alikuwa Johannes Kepler, mwanahisabati wa kaisari, mtu aliyegundua kwamba sayari hulizunguka jua kwa njia ya duara lililobinywa. Mwaka 1619, kesi ya mama ikiwa bado inatokota, alichapisha kanuni yake ya tatu ya mwendo wa sayari. Mwaka uliofuata mama alikamatwa, akiwa na zaidi ya miaka 70, akafungwa minyororo kwa miezi 14. Kepler aliacha darubini na hesabu, akasafiri kwenda kumtetea, akaandika utetezi mrefu akieleza ugonjwa mmoja baada ya mwingine kwa sababu zake za kawaida. Mwisho mahakama iliamuru mama aonyeshwe vyombo vya mateso, aelezwe kazi ya kila kimoja, labda atakiri. Hakukiri. Walimwachia Oktoba 1621, naye akafariki miezi michache baadaye.

Mwangalie Kepler mwenyewe sasa. Hakuwaambia majaji kwamba uchawi haupo. Alisema mama yake si mchawi. Mtu huyo huyo aliyepima mbingu kwa kalamu alikuwa pia akiwapigia wakubwa falaki.

Nasi tunaposikia bibi kizee ameuawa kwa sababu moshi wa kuni umemfanya macho mekundu, tunasema huo ni ushenzi wa zama za kati. Tarehe zinatukatalia. Msako mkali wa wachawi Ulaya ulikuwa kati ya 1560 na 1650, wakati wa darubini na vitabu, na kwa jumla uliua watu wanaokadiriwa kuwa 40,000 hadi 60,000, wengi wao wanawake. Ulihitaji mahakama zenye makarani, wanasheria waliosoma, na vitabu vya mwongozo vilivyochapwa kwa mashine ile ile ya Mainz. Chumba kipya kabisa cha nyumba, na ndani yake wakamfungia bibi.

Mviringo, mahindi na minyororo

Uongo mwingine unaopendwa ni kwamba Columbus aliwathibitishia wenzake dunia ni mviringo. Msomi wa Zama za Kati alilijua hilo. Kitabu cha elimu ya nyota cha Johannes de Sacrobosco, kilichosomwa vyuoni tangu karne ya 13, kilifundisha hivyo waziwazi. Ubishi kati ya Columbus na wataalamu wa Hispania ulihusu ukubwa: yeye aliifanya dunia kuwa ndogo mno, wao walikuwa karibu na ukweli. Kama bara la Amerika lisingekuwapo njiani, angekufa njaa baharini pamoja na mabaharia wake. Kisa cha dunia bapa kilienezwa na mwandishi wa Marekani, Washington Irving, mwaka 1828.

Wala mabaharia hao hawakuwa watu wa kisasa wa kukata na shoka. Columbus alitumaini dhahabu yake ingesaidia kuikomboa Yerusalemu. Vasco da Gama, aliyepita Malindi Aprili 1498 akapewa rubani wa kumvusha hadi India, alibeba mizinga pamoja na ndoto ya kale ya kumpata Prester John, mfalme Mkristo wa hadithi. Watu wake walipoulizwa Calicut wamefuata nini, walijibu: Wakristo na viungo. Miaka saba baadaye meli za Francisco de Almeida ziliipora Kilwa na kuichoma Mombasa.

Tusiliruke hili kwa haraka kama wanavyoliruka wengi: tarehe 8 Agosti 1444, miaka 48 kabla ya Columbus kuona Amerika, Waafrika waliotekwa pwani ya Afrika Magharibi walishushwa na kugawanywa katika bandari ya Lagos, Ureno, mbele ya mwana wa mfalme. Katika karne zilizofuata watu zaidi ya milioni 12 walipakiwa melini kuvushwa Atlantiki. Bima za meli, mikopo ya mabenki, vitabu safi vya hesabu vilivyojaa sifuri: vyote vilifanya kazi humo. Meli za enzi hiyo ndizo pia zilizofungua njia ya mahindi na muhogo kutoka Amerika hadi kwenye sufuria zetu.

Basi mwanafunzi aandike nini kwenye mtihani?

Kwanza aangalie swali linahusu chumba gani. Likihusu kuta na baruti, 1453 inafaa, maana mizinga ya Sultani Mehmed II ilionyesha kwamba ngome ndefu za mawe zimepitwa na wakati. Likihusu imani, 1517. Likihusu tumbo la mkulima wa Ufaransa, atalazimika kusubiri hadi usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, wabunge wa mapinduzi walipotangaza kufuta haki za makabaila. Wa Urusi, tumeshaona.

Na akitaka mfano mmoja wa kumkumbusha kwamba saa za Ulaya hazikugonga pamoja, achukue mwaka 1582. Papa Gregory XIII alirekebisha kalenda iliyokuwa imepotoka, na katika nchi zilizomtii Alhamisi tarehe 4 Oktoba ilifuatiwa na Ijumaa tarehe 15. Siku kumi zilifutwa. Nchi za Kiprotestanti zilikataa kupangiwa tarehe na Papa. Uingereza ilikubali 1752. Kwa miaka 170 barua kutoka Paris iliweza kufika London kabla ya tarehe iliyoandikiwa. Sisi tunaojua nyumba mbili za mtaa mmoja kusherehekea Idi siku mbili tofauti, kwa kuwa hawa wameuona mwezi na hawa hawajauona, hatuna sababu ya kushangaa sana.

Anayeishi pwani anaweza kwenda kulitazama jambo hili kwa macho. Ngome ya Fort Jesus, Mombasa, ilianza kujengwa 1593 kwa amri ya mfalme wa Hispania aliyekuwa pia mfalme wa Ureno. Aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, mtoto halisi wa Mwamko. Angalia kuta zake: hazikwenda juu kama za makabaila, zimekaa chini, nene, na pembe zake zimechongoka kwenda nje ili risasi ya mzinga iparaze na kupita. Hiyo ni hesabu ya wakati mpya. Jina ambalo Wareno waliipa ngome ni la Yesu, na ndani wakajenga kanisa, kwa Kireno *igreja*. Wenyeji walilisikia neno hilo, wakalitamka kwa namna yao. Omani waliitwaa ngome mwaka 1698. Waingereza wakaja kuifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Neno lenyewe la kanisa lilikuwa limekwisha kugeuka kuwa gereza.